Daraja la nne na chuo chenye kila kitu ndani ya uzio: jibu kwa msomaji wa Pangani

Msomaji wetu wa Pangani anauliza:

"Shikamoo mwalimu. Mdogo wangu wa kike amemaliza kidato cha nne, amepata daraja la nne la pointi 26. Kiswahili C, Elimu ya Dini ya Kiislamu C, Uraia D, Historia D, Jiografia D, Biolojia D, Kiingereza D, Hisabati F, Kemia F. Fizikia hakusoma. Ni mtoto mtulivu, ana pumu, na hajawahi kukaa mbali na nyumbani. Mama ameweka sharti moja tu: hapangi chumba mtaani. Anataka chuo ambacho kulala, kula, kusoma na kutibiwa viko humo humo. Mlipaji ni mimi, kwa kazi ya bodaboda. Ndugu wanamsukuma akasome uuguzi, mwenyewe anapenda wanyama. Je, Tanga au Bagamoyo kuna chuo cha namna hiyo, na kwa matokeo haya watampokea?"

Marahaba, mwanangu. Mpe mama salamu zangu, na mwambie sharti lake ni la haki. Binti anayetoka nyumbani mara ya kwanza akakabidhiwa chumba cha kupanga, jiko, kodi ya mwezi na njia ya kurudi usiku, anakuwa ameanza masomo mawili kwa pamoja, na mara nyingi lile la chuo ndilo linaloachwa nyuma.

Vyuo hivyo vipo, tena si kimoja. Na ukiangalia vizuri pwani yetu hii, utakuta vilivyojitosheleza zaidi ndivyo hivyo hivyo vinavyopokea wenye D. Kuna sababu. Chuo cha mifugo kinahitaji malisho, cha kilimo kinahitaji shamba, cha uvuvi kinahitaji gati na maji ya kina. Vitu hivyo havipatikani katikati ya mji, kwa hiyo vyuo hivyo vilijengwa mbali, na aliyevijenga mbali alilazimika kujenga na mabweni, bwalo, nyumba za walimu na kisima. Na kwa kuwa kazi zake ni za mikono na matope, watoto wenye alama kubwa hawavikimbilii. Wanakimbilia uhasibu, sheria na utawala katika majengo ya mjini, kisha wanagombania vyumba vya kupanga. Kwa hiyo kwa mdogo wako, tafuta upande wa mashamba na bahari kwanza, mjini baadaye.

Kabla ya kutaja majina, tusome matokeo yake pamoja, maana naona nyumbani mmeyasoma kwa huzuni kuliko yanavyostahili. Pointi 26 ndio mwanzo wa daraja la nne. Daraja la tatu linaishia 25. Amekosa pointi moja. Lakini vyuo vingi vya kati havitazami daraja. Vinahesabu ufaulu, yaani masomo aliyopata D au zaidi, na kima cha kawaida cha kuingia ngazi ya kwanza ya cheti, ile inayoitwa NTA 4, ni masomo manne yasiyo ya dini. Toa Elimu ya Dini, ambayo katika hesabu hii haiingii hata kama ni A. Anabaki na Kiswahili, Uraia, Historia, Jiografia, Biolojia na Kiingereza. Ni sita. Amevuka kizingiti na kimebaki cha akiba. Nasisitiza hili la dini kwa sababu huku kwetu watoto wengi hulisoma somo hilo na kulifaulu vizuri, halafu mzazi anahesabu nne, chuo kinahesabu tatu, na fomu inarudishwa baada ya pesa ya maombi kuliwa.

Uuguzi kwa matokeo haya hauwezekani kwa sasa. Waambie ndugu bila kuwaficha. Kozi ya uuguzi inataka ufaulu wa Kemia, Biolojia na Fizikia, na yeye ana Biolojia peke yake. Akija mtu akawaambia anaweza "kumuingiza" kwenye chuo cha afya kwa matokeo haya, huyo anatafuta pesa yako ya bodaboda. Njia halali ya uuguzi ni kurudia mtihani wa Novemba kama mtahiniwa wa kujitegemea, na Fizikia aianze upya. Kwa msichana anayeota kuwa muuguzi ningesema arudie. Kwa anayependa wanyama na anayesukumwa na wajomba, sioni kwa nini apoteze mwaka mzima akihangaikia ndoto ya mtu mwingine.

Ualimu nao uache. Chuo cha Ualimu Korogwe kina mazingira ambayo mama angeyapenda, lakini ualimu ni miongoni mwa fani zinazotazama daraja lenyewe, na daraja la nne halipiti.

Sasa twende kwenye majina.

Cha kwanza kwenu ni Buhuri, nje kidogo ya jiji la Tanga. Ni kampasi ya Wakala wa Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo, LITA, wenye kampasi nyingine kama Tengeru, Mpwapwa na Morogoro. Kozi yake kubwa ni afya ya wanyama na uzalishaji. Mtoto anajifunza kumshika ng'ombe, kumchanja, kumkamua, kutambua ugonjwa, kusimamia chakula chake, kuhesabu faida ya maziwa. Mkoa wa Tanga ni mkoa wa maziwa, wenye wafugaji wengi wadogo na kiwanda cha kusindika hapo hapo jijini, kwa hiyo anachofundishwa asubuhi anaweza kukiona kikifanya kazi mtaani jioni. Mwenye cheti cha mifugo si lazima asubiri ajira ya serikali. Duka la dawa za mifugo, uhamilishaji (kupandikiza mbegu za dume), huduma ya kutembelea wafugaji, kuku wa mayai: hizi ni kazi ambazo nimeona vijana wa D wakiishi nazo vizuri kuliko wenzao waliokwenda kidato cha tano kwa aibu ya kuitwa wameshindwa.

Kwenye sifa za kujiunga, angalia kitu kimoja kwa makini. Vyuo vya kilimo, mifugo na uvuvi kwa kawaida hutaka baadhi ya ufaulu uwe wa sayansi. Biolojia yake ndiyo inayombeba. Swali ni somo la pili. Fungua Mwongozo wa Udahili wa NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya kati na vya ufundi, unapatikana bure kwenye tovuti yao, tafuta jina la chuo, kisha usome mstari wa kozi neno kwa neno. Jiografia ikitajwa miongoni mwa masomo yanayokubalika, amepita. Isipotajwa, usilipe ada ya maombi kwa kubahatisha. Nenda kozi nyingine ya chuo hicho hicho, kwa sababu chuo kimoja huwa na kozi zaidi ya moja na sifa hazifanani.

Cha pili ni Mbegani, Bagamoyo. Hapa ndipo makao ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA, na majengo yake yalianza kama kituo cha uvuvi kilichojengwa kwa msaada wa Norway. Kipo ufukweni, kusini mwa mji wa Bagamoyo, mbali kiasi kwamba mwanafunzi hawezi kuishi kwa kutegemea mji. Ukitaka kuona maana ya chuo kilichojitosheleza, Mbegani ni mfano mzuri: karakana, boti, eneo la kuchakata samaki, mabweni, nyumba za watumishi, vyote kwenye ardhi moja yenye mikoko pembeni. Ninyi ni watu wa Pangani. Samaki si mgeni kwenu. Msichana anayejua tofauti ya changu na kolekole tangu utoto ana mwanzo ambao mwenzake wa bara hana. Na asidhani uvuvi ni kwenda baharini usiku tu. Kuna uchakataji, udhibiti wa ubora na biashara ya mazao ya bahari, kazi za nchi kavu ambazo viwanda na halmashauri vinazihitaji.

Kwa safari, kutoka Pangani mnapita Tanga mjini, Segera, Chalinze, au mnashuka Msata na kushika barabara ya lami ya Msata kwenda Bagamoyo. Ni siku nzima ukijumlisha kusubiri. Buhuri, ukiamka mapema na pikipiki yako, unakwenda na kurudi kabla ya adhuhuri. Kwa mtoto mwenye pumu, tofauti hiyo ina uzito, na ndiyo inayonifanya niweke Buhuri mbele ya Mbegani kwa upande wenu. Mngekuwa watu wa Kiwangwa au Mlandizi ningesema kinyume.

Cha tatu ni Mlingano, Muheza. Wengi wanalijua jina hilo kwa utafiti wa mkonge na udongo, lakini pia kuna chuo cha kilimo cha Wizara ya Kilimo. Kipo mashambani, kimya, na hospitali ya Teule ipo Muheza mjini. Kama mapenzi yake kwa wanyama yanaweza kuhamia kwenye mimea, kiingizeni kwenye orodha.

Halafu kuna milango ambayo watu wanaidharau bila sababu. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianzishwa mwaka 1975, baada ya Mwalimu Nyerere kuvutiwa na vyuo vya wananchi vya Sweden, na tangu mwanzo vilijengwa vya bweni: mabweni, jiko, karakana na shamba. Mkoani kwenu kipo cha Kiwanda, wilayani Muheza, na cha Handeni. Vinapokea hata ambaye hana D nne. Mafunzo ni ya ufundi na ufugaji na kilimo, gharama ni za kuvumilika, na ukubwa wake mdogo una faida: mkuu wa chuo anamjua kila binti kwa jina. Upungufu wake ni kwamba cheti chake ni cha ufundi stadi, si NTA, kwa hiyo safari ya kufika stashahada inakuwa ndefu zaidi. VETA Tanga, chuo cha ufundi stadi cha serikali, nayo iko kundi hilo. Ada ya VETA za serikali imekuwa Sh 60,000 kwa kutwa na Sh 120,000 kwa bweni kwa mwaka, na sijui chuo kingine kitakachompa kitanda na fani kwa bei ya kukaribia hiyo. Fomu zake hutoka kuanzia Agosti, usaili hufuata, masomo huanza Januari. Iandike kalendani hata kama hukusudii kuitumia, iwe akiba.

Bagamoyo mtaambiwa pia kuhusu TaSUBa na ADEM. TaSUBa, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, ni mahali pazuri sana pa kusomea ngoma, muziki, maigizo, uchoraji na filamu, lakini ni kwa mwenye kipaji na hamu; usimpeleke mtu huko kwa sababu tu kuna upepo wa bahari. ADEM ni ya walimu walio kazini wanaosomea uongozi wa elimu, haimhusu. Na Lushoto, kwenye Chuo cha Uongozi wa Mahakama, cheti cha sheria kinaweza kuonekana kizuri kwa mwenye D za sanaa kama zake, ila sheria inasomwa kwa Kiingereza kingi na yeye ana D, na baridi ya Usambara ya Juni na Julai si rafiki wa pumu. Ningeiacha.

Sasa nikae kidogo kwenye hili neno la "kila kitu ndani", kwa sababu hapa ndipo familia nyingi huumia. Kila chuo kitakwambia kina hosteli. Picha za kwenye tovuti zitakuonyesha hosteli. Kumbe vitanda ni vya robo ya wanafunzi, au "hosteli ya chuo" ni nyumba ya mtu mtaani ambayo chuo kimeikodi, ina geti la bati na mlinzi wa kubadilishana. Mama yenu hatakuwa amepata alichotaka. Kwa hiyo usiulize kama kuna hosteli. Uliza kitanda cha mdogo wako.

Uliza hivi: mwanafunzi wa kike wa mwaka wa kwanza anahakikishiwa kitanda ndani ya uzio, au anaomba na kusubiri? Na akifika mwaka wa pili? Hili la mwaka wa pili ndilo linalosahaulika. Vyuo vingi huwapa kipaumbele wanaoingia, kisha mwakani huwaambia watafute pa kukaa ili kupisha wapya. Mdogo wako akitaka kufika stashahada atakaa miaka mitatu, kwa hiyo kitanda cha mwaka mmoja ni jibu la theluthi moja tu ya swali la mama.

Uliza kuhusu chakula. Kuna chuo ambacho chakula kimo kwenye malipo ya muhula na kengele ya bwalo inalia mara tatu kwa siku. Kuna chuo ambacho "kantini ipo", maana yake mama lishe aliyepewa banda, na mwanafunzi analipa kila sahani. La kwanza mtoto hawezi kulala njaa kwa sababu pesa imeisha katikati ya mwezi. La pili anaweza, na wapo wanaolala. Uliza Jumapili na siku za likizo fupi jiko linawaka. Uliza Ramadhani wanapikiwa futari na daku, au wanaambiwa wajitegemee, kwa sababu pwani hii mwezi mzima wa mtu kuhangaika na daku kwenye chumba ambacho jiko la gesi limekatazwa si jambo dogo. Ukiambiwa "tunaangalia", elewa kwamba hakuna utaratibu.

Uliza maji. Pwani visima vingi vina chumvi. Kuna tangi? Umeme ukikatika pampu inafanyaje kazi?

Na uliza nani analala humo. Si mlinzi wa getini, namaanisha matroni au mlezi. Anaishi ndani ya kampasi au anaondoka saa kumi jioni na daladala? Kwa familia yenu swali hili nalipa uzito kuliko maktaba, kuliko maabara, kuliko kila kilichochapishwa kwa rangi kwenye kipeperushi. Pumu haisubiri saa za kazi. Inaweza kubana saa nane usiku, na saa hiyo chuo kilichojitosheleza ni kile ambacho kuna mtu mzima wa kuamshwa, mwenye funguo za gari au namba ya dereva anayepokea simu. Zahanati ya chuo ni neema, lakini nyingi hufungwa jioni. Muulize mganga wa hapo, uso kwa uso: akija mwanafunzi aliyebanwa usiku, mnafanya nini? Kama wana mashine ya mvuke na dawa, atakuonyesha. Kisha hesabu mwendo wa kufika hospitali: kutoka Buhuri ni Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, kutoka Mbegani ni hospitali ya wilaya, Bagamoyo mjini.

Kuna jambo la pumu na fani yenyewe ambalo hamkuniuliza ila siwezi kulinyamazia. Vumbi la pumba na majani makavu, manyoya ya wanyama na harufu ya kinyesi cha kuku huwabana baadhi ya wenye pumu, na wengine haiwaathiri kabisa. Moshi wa kukausha samaki nao hivyo hivyo. Kabla hajajaza fomu ya mifugo, mpelekeni kwa daktari anayemtibu amweleze kazi atakayofanya, na mtoto mwenyewe akae siku kadhaa kwa jirani mwenye ng'ombe au banda la kuku, afagie, alishe, muone. Akiwa salama, nendeni kwa moyo mmoja. Akibanwa kila siku, Biolojia yake bado inaweza kumpeleka Mlingano au Mbegani, na ni afadhali kulijua hilo Pangani kuliko kulijua katikati ya muhula baada ya ada kulipwa.

Halafu kuna kipindi cha mafunzo kwa vitendo, fildi. Hata chuo kiwe na kila kitu, hufika wakati mwanafunzi anapelekwa nje kwa wiki kadhaa: shamba la mifugo, halmashauri, kiwanda. Huko hakuna bweni. Sharti la mama litagonga mwamba hapo msipojiandaa. Dawa yake ni kuomba mapema apangiwe karibu na ndugu. Kaeni mwandike orodha: shangazi yuko Korogwe, mjomba yuko Muheza, na kadhalika. Mratibu wa fildi akiombwa kwa adabu na mapema huwa anasikia. Akiombwa wiki ya mwisho anakuwa ameshagawa nafasi.

Kuhusu pesa, nisikupe namba za ada nisizoweza kukuhakikishia, ila nikupe namna ya kuzisoma. Ada ni mstari mmoja tu wa fomu ya kujiunga. Chini yake kuna malazi, chakula, kitambulisho, serikali ya wanafunzi, tahadhari ya uharibifu, ada ya mitihani, ada ya NACTVET, sare, koti jeupe au ovaroli na mabuti, bima. Jumlisha yote, kisha gawanya kwa miezi ya muhula, halafu linganisha na unachobakiza kwa siku baada ya mafuta na hesabu ya mwenye pikipiki. Ukifanya hivyo utaona kwamba chuo cha bweni chenye ada kubwa kidogo mara nyingi ni rahisi kuliko cha mjini chenye ada ndogo, kwa sababu kodi, nauli na chakula cha kununua havipo. Uliza malipo yanagawanywa mara ngapi. Vyuo vya serikali vingi hukubali awamu, lakini lazima uombe kwa maandishi. Bima ya afya ya NHIF kwa wanafunzi imekuwa Sh 50,400 kwa mwaka; kwa mwenye pumu hiyo usiikate hata ukibanwa vipi.

Mkopo: Bodi ya Mikopo ilianza kukopesha wanafunzi wa stashahada mwaka wa masomo 2023/2024, kwa fani za kipaumbele, na kilimo na mifugo vimo. Kwa mwaka wa kwanza wa cheti usiutegemee. Jipange wewe kubeba mwanzo, na akifika ngazi ya stashahada auombe, huku ukitunza kuanzia leo karatasi zote zinazoonyesha hali ya familia.

Mama anaweza kuuliza: cheti ndio mwisho? Sio. NTA 4 ni mwaka mmoja, kisha NTA 5 na 6 zinampa stashahada. Mwenye stashahada yenye GPA (wastani wa alama) ya 3.0 na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne anaruhusiwa kuomba shahada chuo kikuu, na hizo nne anazo tayari. Kwa hiyo hizi D za leo hazitamfungia, mradi asome kwa bidii huko mbele. GPA ya 2.8 ndiyo itakayomfungia. Mwambieni hilo tangu wiki ya kwanza, kwa sababu wengi huligundua mwaka wa mwisho. Na Hisabati, kama atapata nguvu, airudie mwaka wa pili au wa tatu kama mtahiniwa wa kujitegemea. Asiifanye mwaka wa kwanza, akili yake iachiwe izoee chuo.

Kwa hatua za sasa, anza na kuhakikisha usajili. Jina la chuo liwe kwenye Mwongozo wa NACTVET na kozi yenyewe iwe imeorodheshwa chini yake. Chuo kinaweza kusajiliwa na bado kikawa kinafundisha kozi isiyo na kibali. Malipo kwa chuo cha serikali yanapitia namba ya malipo ya serikali, si namba ya simu ya mtu, hata mtu huyo akijiita afisa udahili na kukutumia picha ya kitambulisho.

Kisha nenda mwenyewe. Nenda Buhuri siku ya kazi, ufike ofisi ya udahili, halafu ukae mpaka jioni. Mchukue mama kama anaweza safari. Zungumzeni na wasichana wa mwaka wa pili wakitoka bwaloni, bila mwalimu kusimama pembeni. Hao watamwambia mama ukweli wa maji, wa chakula na wa geti usiku kuliko mimi au mkuu wa chuo. Ukirudi hapo ukaona inafaa, ndipo ulipie fomu.

Na wiki hii hii kagueni karatasi zake. Majina kwenye cheti cha kuzaliwa yalingane herufi kwa herufi na yale ya matokeo ya NECTA. Nimeona Mwanaidi akiwa Mwanaid, na jina la babu likiwepo huku na kukosekana kule, na msichana akazuiwa kusajiliwa hadi kiapo kilipopatikana. Kama cheti cha kuzaliwa hana, ofisi ya RITA ya wilaya ndiyo ya kuanzia, kwa sababu inachukua muda. Picha za pasipoti, nakala zilizothibitishwa na wakili, barua ya serikali ya mtaa, fomu ya daktari ambayo ndani yake pumu iandikwe wazi pamoja na dawa anazotumia. Wapo wazazi wanaoficha ugonjwa wakidhani mtoto atakataliwa. Hatakataliwa, na matroni asiyejua hawezi kumsaidia. Siku ya kuripoti, pampu moja ya dawa aiweke kwenye begi lake, na nyingine mkabidhini matroni mkononi.